Limau Juu ya Marumaru

Mzee fundi hakumharakisha. Alimwacha mdogo wangu alipapase lile bamba jeupe kadiri alivyotaka. Alilizunguka, akarudi nyuma hatua tatu ili alione lote, kisha akasogea tena na kuufuata kwa kidole mshipa wa kijivu uliokatiza kutoka pembe hadi pembe kama mto wa mbali. Ilikuwa asubuhi, kwenye yadi moja kandokando ya barabara ya kuingilia Dar es Salaam, na mabamba ya mawe yalikuwa yamesimamishwa kwenye fremu za chuma, yakiegemeana kama vitabu rafuni. Husimamishwa hivyo kwa sababu bamba la unene wa sentimita 2 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na likibebwa limelala hupasuka kirahisi. Mdogo wangu anajenga. Ameshapaua, ameshapiga lipu, na sasa amefika mahali ambapo kila anayejenga hufika akiwa amechoka na akiba imepungua, yaani jikoni.

“Mzee, nimelipenda hili.”

“Ni zuri. Hiyo ni marumaru ya kweli, mwanangu, si ya kuigiza. Nyumbani kwako mnapika nini?”

Mdogo wangu alicheka. Tunapika kama watu wote, akamwambia, wali wa nazi, mchuzi, samaki. Na samaki mnamkamulia ndimu? Ndiyo mzee, samaki bila ndimu ataliwaje? Basi mzee akamtuma kijana gengeni alete limau. Lilipoletwa alilikata kati, akaokota kipande cha marumaru ileile kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakamua matone machache juu yake, akakiweka kivulini. Akatuvutia stuli, tukaletewa chai ya tangawizi. Tuliongea habari za mvua, bei ya nondo na watoto wa siku hizi. Chai ilipoisha alichukua kitambaa kibichi, akakifuta kile kipande vizuri na kukiinamisha kuelekea juani. Mng'ao ulikuwa umetanda kote isipokuwa mahali pale limau lilipotua. Hapo palibaki mviringo mfifu, mkubwa kidogo kuliko sarafu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mdogo wangu alipasugua kwa kidole, halafu kwa ukucha.

“Hapo hapatoki kwa sabuni,” mzee alisema. “Hilo si doa. Jiwe limeliwa.”

Nimekaa na neno hilo kwa majuma kadhaa sasa. Jiwe limeliwa. Tumezoea kuliona jiwe kama kitu kilichokwisha kuwa kilivyo, kisichotaka kitu wala kuogopa kitu, na ndiyo maana mtu mkaidi huambiwa ana moyo wa jiwe. Kumbe hata jiwe lina kinachoweza kulila. Marumaru ilianza safari yake baharini, katika magamba na mifupa ya viumbe vidogo vilivyokufa vikazama, vikarundikana chini hadi vikawa mwamba wa chokaa. Baadaye joto na mgandamizo wa ndani ya ardhi vikaupika mwamba ule upya, chembe zake zikashikana na kumetameta. Lakini asili haikufutika. Madini yake makuu bado ni kalsaiti, na kalsaiti ikikutana na kitu chenye uchachu, iwe limau, siki au ukwaju, huyeyuka. Kwenye mizani ya ugumu ambayo wanajiolojia huitumia, ya kuanzia 1 hadi 10, kalsaiti ipo kwenye 3, chini ya kisu cha kawaida cha jikoni.

Granaiti ni ukoo mwingine kabisa. Ilikuwa ujiuji wa moto ndani kabisa ya ardhi, ikapoa polepole mno, na kwa sababu haikuharakishwa chembe zake zilipata nafasi ya kukua hadi tukaweza kuzitenganisha kwa macho. Kuna kwatsi inayong'aa kama kioo, feldspa yenye rangi ya maziwa au ya waridi, na vipande vyeusi vya ulanga. Feldspa ina ugumu wa 6, kwatsi 7. Limau linaweza kulala juu yake usiku kucha bila kuiachia kitu. Hata hivyo nayo hunywa. Ina vinyweleo vidogo, na isipopakwa dawa ya kuviziba, mafuta ya kukaangia na manjano ya mchuzi huingia taratibu, na baada ya mwaka utaona kando ya jiko kivuli ambacho hakikuwapo siku ya kuhamia. Mzee alitueleza yote haya kwa utulivu wa mtu anayewataja watoto wake mmoja mmoja, huyu ana hili na yule ana lile, bila kumsema yeyote vibaya.

“Basi mzee nipe lile ambalo haliliwi wala halinywi. Lisiloshika alama kabisa.”

Mzee aligeuka akatazama ndani ya banda, ambako kulikuwa na mabamba machache yenye rangi moja safi, meupe ya theluji na ya kijivu, hayana mshipa wala doadoa. “Yale,” alisema. “Yanatengenezwa kiwandani. Hayashiki kitu.” Kisha akanyamaza kidogo. “Lakini hayo sikati hapa. Nauza tu yalivyo, na sasa hivi nimeacha hata kuyaagiza.” Mdogo wangu alimuuliza kwa nini. Mzee hakumjibu. Alimtazama yule kijana aliyeleta limau, ambaye kwa wakati huo alikuwa akimwagia maji ukuta wa mabamba ili kuondoa vumbi la barabarani, halafu akabadilisha mazungumzo.

Nilikuja kuuelewa ukimya wake baadaye. Njiani kurudi nilishughulishwa zaidi na swali la mdogo wangu, kwa sababu nilijua si lake peke yake. Sote tunaulizia kitu kisichoshika alama. Tunataka kiti kisichochakaa, ukuta usiochafuka, simu isiyokwaruzika, na sasa jiwe ambalo tutalipikia miaka ishirini na mwaka wa ishirini na moja litaonekana kama jana. Kwa nini alama ya mkono wetu wenyewe imekuwa jambo la kututia aibu?

Bibi yetu mzaa mama aliishi Singida, kwenye nchi ile ambako mawe makubwa ya granaiti yamekaa juu ya ardhi kama ng'ombe waliolala wakicheua. Mawe yale ni sehemu ya mwamba mkongwe sana wa katikati ya Tanzania, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, kabla hapajawa na mti wala mnyama mahali popote duniani. Bibi hakujua hesabu hizo. Alijua mambo mengine. Alijua mafiga hayaokotwi ovyo. Jiwe la mtoni hata liwe zuri namna gani hakulikubali, kwa sababu lina maji ndani yake, na moto ukikolea hupasuka kwa kishindo na kumrukia mpishi usoni. Alitaka mawe matatu makavu ya mlimani yenye kimo kinachokaribiana, na alipoyapata hakuyabadilisha. Nikifikiri vizuri, jiko lolote katika nchi zetu lilianza hivyo, kwa mtu kuchagua mawe matatu. Kuchagua jiwe la jikoni ni kazi ya zamani sana kwetu, ingawa leo tunaifanya kwenye yadi tukiwa na kipimo cha mkanda na picha kwenye simu.

Na alikuwa na jiwe la kusagia. Lilikuwa bapa, refu kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, limetegwa chini kwa kuinama kidogo ili unga uporomokee kwenye ungo. Alipiga magoti nyuma yake, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akasukuma mbele na kuvuta nyuma, mabega yakienda pamoja na kiuno. Mtama uliingia mzima na kutoka umelainika. Tulikuwa wadogo, tunalala, na sauti ile ya jiwe juu ya jiwe ndiyo ilikuwa alfajiri yetu.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo sikuwahi kulielewa hadi nilipomwona mzee fundi akilisifu bamba kwa mng'ao wake. Kila baada ya muda bibi aliligeuza jiwe lake kuelekea juani, akachukua jiwe jingine gumu lenye ncha, akaanza kuligonga, ta, ta, ta, akiliachia vitobo vidogovidogo uso mzima. Mimi nilidhani anaharibu. “Limekuwa laini,” aliniambia. “Jiwe laini halisagi, linabembeleza tu. Limelala, naliamsha.” Mtama ulikuwa unateleza juu ya uso uliolainishwa na kazi, na yeye alikuwa akiurudishia uso ule meno yake. Leo tunalipia mashine ipite juu ya jiwe kwa msasa mmoja baada ya mwingine, wa kukwaruza kwanza kisha laini kisha laini zaidi, mpaka tujione nyuso zetu. Bibi mng'ao wa namna hiyo aliupiga vita. Kwake jiwe liling'aa pale lilipokuwa limeanza kushindwa kazi.

Kwa sababu ya kusaga na kuligonga, katikati ya jiwe lile paliingia ndani mwaka baada ya mwaka. Bandu bandu huisha gogo. Alipofariki, shimo lilikuwa limefikia kina cha bakuli. Na jiwe lililotoka pale lilikwenda wapi? Lilikwenda kwenye unga, na unga ukaenda kwenye ugali, na ugali tukaula sisi. Wazee wa kule walikuwa wakisema meno yanasagika kwa sababu ya unga wa mawe, nao walisema kweli. Kwa hiyo neno la mzee fundi halikuwa geni kwangu kama nilivyodhani. Jiwe la bibi nalo liliwahi kuliwa, na mimi ni miongoni mwa waliolila. Mama anasema lipo hadi leo nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha hujaa maji na kuku hunywa humo.

Pwani nako kuna somo la jiwe, la namna yake. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu, na magofu ya Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa matumbawe, jiwe ambalo lilikuwa hai. Wajenzi wa zamani waliyatofautisha ya aina mbili. Yapo ya nchi kavu, miamba ya zamani iliyoachwa juu bahari iliporudi nyuma, migumu na yenye mashimomashimo. Hayo yalijaza kuta nene kwa udongo wa chokaa. Na yapo yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, laini kiasi cha kuchongeka, ambayo hukazika yakikauka. Hayo mafundi waliyawekea kazi ya heshima, kama vizingiti, zidaka na kibla. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yakitaja mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107. Aliyechonga alikuwa akishindana na muda, maana jiwe lingemfungia mlango likikauka, na alama aliyoiacha inasomeka hadi leo.

Kuta zile hazikuwa za kuachwa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa jasho. Magogo na mawe ya matumbawe vilipangwa kwa tabaka, vikachomwa, kisha chokaa ikamwagiwa maji na kuachwa kwa muda mrefu ipoe na kulainika kabla haijaingia ukutani. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Kila baada ya msimu ukuta ulitaka chokaa mpya. Jiwe la matumbawe hupitisha unyevu, huuingiza na kuutoa, na chokaa huuachia njia. Ukiubandika ukuta ule saruji kwa kutaka kumaliza kazi mara moja, unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka michache lipu huvimba na kubanduka na jiwe ndani huwa limeanza kuoza. Nimeuona ukuta wa namna hiyo kwenye kichochoro kimoja cha Unguja, nusu ya saruji na nusu ya chokaa, ile nusu ya chokaa imepauka na kuchubuka lakini kavu, na ile ya saruji imevuja jasho hadi kiunoni. Aliyepiga saruji bila shaka aliipenda nyumba yake. Alitaka tu isimsumbue tena.

Hukohuko Unguja, Jumba la Ajabu lililokamilika mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash lilionekana kwa zaidi ya karne kama kitu kisichoweza kwenda popote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka mchana kweupe, na watu wawili wakafa. Sitaki kulifanya tukio lile mfano mwepesi wa jambo lolote, kwa sababu kuna familia zinazolia. Ninasema tu kwamba siku ile watu wengi wa Unguja walisimama barabarani wakilitazama vumbi likitulia, na nadhani kilichowashangaza, pamoja na huzuni, ni kugundua kwamba jengo la mawe nalo lilikuwa likihitaji mtu.

Halafu kuna baraza. Nyumba ya Kiswahili iliweka jiwe lake la kuonwa nje, si ndani, likawa benchi lililojengwa pamoja na ukuta kwa ajili ya mtu anayepita. Makali yake yameviringika kwa kukaliwa. Muuza kahawa anajua mahali pa kuegesha birika lake, mchezaji wa bao anajua pembe yake, na mzee fulani ana sehemu ambayo hata asipokuwapo haikaliwi. Hakuna aliyewahi kuuliza baraza ipakwe dawa gani isishike alama ya watu.

Lugha nayo imelichukulia jiwe kwa mazoea yake. Kamusi zina neno itale kwa ajili ya granaiti, neno zuri fupi, lakini sijalisikia kwa fundi hata mmoja. Marumaru imehama kabisa. Kwa watu wengi wa Tanzania leo marumaru ni vile vigae vya kuchomwa kiwandani, vyenye picha ya jiwe juu yake, ndiyo maana mzee alilazimika kumwambia mdogo wangu marumaru “ya kweli”. Wakenya wanaposema mazeras wanamaanisha mawe bapa ya kutandika ukumbini na uani, na wengi hawakumbuki kwamba Mazeras ni mahali, karibu na Mombasa. Kule Tabaka, Kisii, kuna jiwe laini kuliko yote, ambalo ukucha huliachia mstari, na watu wake wamelichonga vikombe, viboko na sanamu za mama na mtoto. Jiwe la ukoo huohuo Finland hujengewa majiko ya kuota moto, kwa sababu hushika joto na kuliachia taratibu usiku mzima, na Marekani huwekwa jikoni likapakwa mafuta hadi likawa jeusi. Laini namna ile, na bado uchachu wa limau haulifanyi kitu. Na ipo terazo, ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote. Hiyo ni sakafu ya vipande vya mawe vilivyobaki kwenye kazi za watu, vikachanganywa na saruji na kusuguliwa. Shule nyingi na ofisi za zamani zinayo. Nilisoma juu ya sakafu hiyo, na ningali naikumbuka njia iliyochakaa kutoka mlangoni hadi kwenye ubao.

Sasa nirudi kwa mabamba ambayo mzee alikataa kuyakata. Jiwe la kiwandani hutengenezwa kwa kwatsi iliyosagwa, ikachanganywa na gundi na rangi, ikashindiliwa na kupikwa. Halina vinyweleo, halinywi manjano, halionji limau. Kila bamba ni pacha wa mwenzake. Lilienea majikoni duniani kwa kasi kubwa, na ni rahisi kuelewa, maana ndilo jibu kamili la swali la mdogo wangu. Ila lina silika inayoweza kuzidi asilimia 90, wakati granaiti ya kawaida huwa na chini ya nusu ya hapo na marumaru ina kidogo sana. Jiwe hilo linapokatwa kwa grinda bila maji, silika huruka ikiwa vumbi laini mno, laini kuliko unga wa ngano, lisilozuiwa na pua wala na kitambaa kilichofungwa usoni. Likifika ndani ya mapafu halitoki. Mapafu hujaribu kulizingira, na kila linapozingirwa panabaki kovu, na kovu halivuti hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna tiba ya kuuondoa. Wachimbaji wa migodini waliujua tangu zamani, wakiupata baada ya miaka mingi ya kazi. Kwa wakataji wa jiwe la kiwandani ulikuja upesi. Madaktari wa Israel na Hispania walianza kuandika juu ya mafundi wa kaunta za jikoni waliougua, kisha Australia na Marekani, na miongoni mwa wagonjwa walikuwamo vijana wa miaka thelathini na kitu, wengi wao wahamiaji waliokwenda kutafuta maisha. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kulitengeneza, kuliuza na kulifunga.

Niliposoma habari hizo ndipo nilipouelewa ule ukimya wa mzee na jinsi alivyomtazama kijana wake. Tulitafuta jiwe lisiloshika alama, likapatikana. Alama haikupotea. Ilihama kutoka kwenye kaunta ikaenda kwenye kifua cha mtu ambaye mwenye jiko hatamwona, aliyekuja siku mbili, akapima, akakata uani, akafunga, akalipwa, akaondoka. Jikoni pakabaki pasafi. Nani angeweza kujua, akisukuma chapati zake juu ya uso ule mweupe?

Sisemi granaiti yetu ni salama. Nayo ina kwatsi, na ukiikata kavu huzaa vumbi lilelile, kidogo zaidi tu. Pita kwenye barabara yoyote yenye mafundi wa mawe katika miji yetu uone. Kijana amechuchumaa, grinda mkononi, tisheti kuukuu imefungwa puani, wingu jeupe limemmeza hadi mabegani, na anapoinuka kope zake zimekuwa za mzee. Akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo hawana hata ile tisheti. Dawa yake inajulikana, nayo ni maji. Diski ikikata huku maji yakitiririka, vumbi hugeuka tope na kudondoka chini, na barakoa inayostahili hushika kinachobaki. Maji yanachelewesha kazi, yanachafua uwanja, yanataka bomba au pipa na mtu wa pili wa kumimina. Na mteja, yaani mimi na wewe, huja na haraka. Tumewahi lini, tunapojadiliana bei ya kaunta, kuuliza itakatwaje?

Mdogo wangu alirudi yadini Jumamosi iliyofuata, na safari hii nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona mzee tena. Alichagua granaiti ya kijivu yenye madoa meusi na mstari mmoja wa kutu upande wa kushoto, uliofanya bei yake ipunguzwe. Mzee alimwonyesha mstari ule mara mbili ili asije akasema baadaye hakuuona. “Nimeuona mzee,” alisema, “utakaa upande wa sinki.” Akaomba jiwe likatwe kwa maji. Mzee akamtazama, akasema hapa hatukati vinginevyo, lakini leo na kesho mtaani kwetu maji hayatoki, kwa hiyo subiri hadi Jumanne au Jumatano. Akasubiri. Jumatano tulimkuta kijana amevaa buti za mpira na barakoa yenye vichujio viwili, mwenzake amesimama na mpira wa maji, na kutoka chini ya bamba tope la kijivu lilikuwa likishuka polepole kufuata mteremko wa uwanja hadi kwenye shimo walilolichimba. Haikuonekana chembe ya vumbi hewani. Shati la kijana lilikuwa limelowa chepechepe mgongoni.

Kabla hatujaondoka mzee aliingia bandani akarudi na kile kipande cha marumaru cha siku ya kwanza. Alikuwa amekipiga msasa kingo zake nne zisimkate mtu. “Chukua, mama. Marumaru hukaa baridi hata wakati wa joto. Sukumia chapati.” Kipo jikoni kwake sasa, juu ya kaunta ya kijivu, karibu na ule mstari wa kutu. Nilipokwenda juzi nilimkuta binti yake wa miaka tisa amepanda stuli, mikono imejaa unga hadi viwiko, anasukuma chapati ambayo haikuwa ya duara hata kidogo. Mviringo wa limau ulikuwa pembeni mwa kipande. Mng'ao uliobaki ulikuwa unateleza, unga haushiki, lakini kwenye ule mviringo mfifu unga ulikuwa umeshika vizuri, na yule mtoto alikuwa ameshagundua hilo bila kuambiwa na mtu, kwa maana kila donge jipya alianza kulibonyeza pale.